Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Daktari wa Jicho Moja Aliyeuliza Watu Wanakula Nini



Leo tunaviacha kidogo visa vya maswahaba. Nataka nikusimulie habari za daktari mmoja ambaye hakuwa Muislamu, hakuwa Mwafrika, na amekufa zamani, lakini alichokigundua kinahusu sahani utakayofuturia leo jioni. Jina lake Denis Burkitt. Kama umesomea udaktari au uuguzi umelisikia, kwa sababu kuna saratani ya watoto inayoitwa kwa jina hilo. Hiyo tutaigusa, ila ninapotaka tufike ni kwenye kazi yake ya pili: tumbo, choo na unga. Ndiyo, choo. Usione haya. Vitabu vyetu vya fiqhi vinaanza na tohara, na mlango wa istinja tumeusoma wote madrasa tukiwa hatujaota hata meno ya pili.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi, mtu wa barabara na madaraja, lakini akirudi nyumbani alikuwa na shughuli yake nyingine: ndege. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini, akawavisha vipete miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anatamba eneo gani. Wataalamu wa ndege wanamtaja mpaka leo. Iweke akilini hiyo ramani ya ndege, kwa sababu mtoto alikuja kurithi tabia ya baba.

Alipokuwa na miaka 11 mtoto huyo alipigwa jiwe usoni na jicho lake la kulia likaharibika kabisa. Akaishi na jicho la bandia maisha yake yote. Sasa fikiria, huyu ndiye aliyekuja kuwa daktari wa upasuaji, kazi ambayo mtu mwenye macho mawili mazima bado anaiogopa. Alianza kusomea uhandisi kama baba yake katika Chuo cha Trinity, Dublin, akabadili njia, akahitimu udaktari mwaka 1935. Mwaka 1938 akafuzu upasuaji Edinburgh. Vita vikaingia, jeshi la Uingereza likamchukua, na huko jeshini ndiko alikoiona Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, akihudumu Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha akaomba kazi ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1946 akatua Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Hapo ndipo tabia ya baba yake ilipoanza kujitokeza. Kati ya wagonjwa waliokuja kwake wengi walikuwa na busha. Sisi watu wa pwani busha hatuhitaji kufafanuliwa, Dar es Salaam hii mabusha na matende tumeyaona mitaani na tunajua hata zile kampeni za kugawa vidonge. Burkitt aliwapasua, kama daktari yeyote angefanya. Lakini aliongeza jambo moja dogo: aliwauliza wametoka wapi. Akaona kuwa wengi wametoka upande wa mashariki wa wilaya, na upande wa magharibi ni wachache sana. Akaandika makala kuhusu jambo hilo kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1951. Baadaye ikafahamika kuwa tofauti ile ilifuata mbu wanaoeneza minyoo ya ugonjwa huo.

Hebu litazame jambo lenyewe. Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na kisu, daftari, na swali ambalo hata karani wa mapokezi anaweza kuliuliza. Wewe ukienda hospitali unaulizwa unaishi wapi, unajibu Tabata Kimanga, au Segerea, au Barakuda, karatasi inapigwa muhuri, basi. Yeye lile jibu alilihifadhi.

Kutoka Lira alihamishiwa Kampala, hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto mdogo aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Mkumbuke Trowell, tutarudi kwake. Burkitt hakujua ni nini. Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja akachungulia dirishani, akamwona mtoto mwingine amekaa na mama yake, uso ule ule. Alipompima akakuta na tumboni kuna uvimbe. Mtu akiona kitu cha ajabu mara moja anakisahau. Yeye alikuwa amekiona mara mbili, akarudi Mulago kupekua mafaili, na akawakuta watoto wengine waliokuwa wameandikiwa magonjwa tofauti tofauti kumbe wana ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika kuhusu saratani hiyo.

Sasa swali lake lile lile: inapatikana wapi? Akatuma vipeperushi vyenye picha za watoto kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiomba ajibiwe tu kama wanauona ugonjwa huu au hawauoni. Ruzuku yake ya kwanza inatajwa kuwa pauni 25. Majibu yalipofika akayabandika kwenye ramani ukutani. Kisha Oktoba 1961, wakati huku Tanganyika tunajiandaa kupandisha bendera yetu, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari la Ford lililokwishatumika, wakatoka Kampala kuelekea kusini. Wiki 10. Karibu maili 10,000. Wakapita Tanganyika, wakashuka mpaka Afrika Kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni huko porini, wakiuliza madaktari na wauguzi: mtoto wa namna hii mnamwona hapa? Safari yote, pamoja na bei ya gari, haikufika pauni 700.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa ule haupo milimani kwenye baridi, na haupo kwenye ukame. Upo kwenye joto na unyevu, yaani kwa mbu. Unguja na Pemba, visiwa vya joto kama unavyovijua, uvimbe ule haukuonekana, na visiwa hivyo ndivyo vilivyokuwa na kampeni kubwa ya kuitokomeza malaria miaka ile. Sampuli za wagonjwa zikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakagundua ndani yake kirusi. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Tiba nayo ikapatikana. Watoto waliokuwa wakifa ndani ya miezi michache wakaanza kupewa dawa, na baadhi yao wakapona kabisa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Jina limeshaingia vitabuni, angestaafu akale pensheni yake. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akahamia London, umri miaka 55.

Mwaka uliofuata alikutanishwa na mzee mmoja, Kapteni Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza. Cleave alikuwa na hoja yake ambayo madaktari wengi waliichukulia kama maneno ya mtu aliyeng'ang'ania jambo moja. Alisema magonjwa mengi ya Wazungu, kuanzia kufunga choo, bawasiri, mpaka kisukari na mishipa ya miguu iliyovimba, yana mzizi mmoja, nao ni sukari na unga mweupe. Wengi walimcheka. Burkitt hakumcheka, kwa sababu alipokuwa akimsikiliza alikumbuka kitu. Miaka 20 Uganda amepasua matumbo ya watu, na magonjwa ambayo sasa alikuwa akiyaona kila wodi ya London, kule alikuwa hayaoni. Kidole tumbo, nadra. Mawe kwenye mfuko wa nyongo, nadra. Vile vifuko vidogo vinavyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana wa wazee wa Ulaya, ni kama havipo. Saratani ya utumbo mpana, mmoja mmoja. Alikuwa ameyapita yote hayo bila kuyatilia maanani, kwa sababu ni vigumu mtu kukiona kisichokuwepo.

Trowell naye alikuwa ameliona. Alifanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30, akawa anaweka orodha ya magonjwa ambayo Waafrika hawaugui. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha habari za Mwafrika mmoja aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kisa hicho kimoja kilikuwa cha ajabu kiasi cha kuandikiwa makala nzima. Linganisha na leo. Hesabu mwenyewe misiba uliyohudhuria mwaka huu, wangapi ulielezwa ni presha au moyo.

Basi Burkitt akarudia kazi yake ya zamani. Alikuwa bado ana anwani za hospitali zile zote, na madaktari wake walikuwa wanamfahamu. Akaanza kuwatumia fomu kila mwezi, hospitali kama 150 za Afrika na Asia. Maswali mepesi. Mwezi huu mmepasua kidole tumbo mara ngapi? Bawasiri wangapi? Saratani ya utumbo je? Na watu wa hapo wanakula nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito.

Kisha ikaja sehemu ambayo iliwafanya wakubwa wa tiba waguneguneg kidogo. Alitaka kujua chakula kinakaa tumboni muda gani, na choo kina uzito gani. Akishirikiana na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London, watu walipewa wameze vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, halafu kila choo walichopata kikawekwa kwenye mfuko, kikapimwa uzito na kupigwa picha, mpaka vipande vitoke. Wanajeshi wa majini wa Uingereza na wake zao, waliokula mkate mweupe na vyakula vilivyokobolewa, chakula kilichukua takriban saa 83 kupita, yaani siku tatu na zaidi, na choo chao cha siku moja kilikuwa kama gramu 104. Wanakijiji wa Uganda, takriban saa 36, na gramu 470. Hayo yalichapishwa kwenye Lancet mwaka 1972.

Gramu 470 kwa 104. Huyo wa kijijini ndiye aliyeitwa maskini.

Tofauti ilitoka wapi? Burkitt alisema tusitazame tu kilichoongezwa kwenye chakula cha tajiri, tutazame kilichoondolewa. Kinachoondolewa ni lile ganda la nafaka, zile nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Vitabu vya zamani viliziona takataka zisizolisha. Kumbe zinashika maji, zinalainisha choo, zinakisukuma. Na zikifika utumbo mpana, bakteria wa humo wanazila na kutengeneza tindikali ambazo ndizo chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe. Zikikosekana, choo kinakauka, kinakuwa kigumu, mtu anajikamua. Kujikamua huko mwaka baada ya mwaka ndiko Burkitt alikokuona nyuma ya bawasiri na mengine mengi.

Sasa twende mashineni. Ukipeleka mahindi yako mtaani hapa unaulizwa: kukoboa au kusaga moja kwa moja? Wengi wetu tunakoboa. Tunataka sembe, nyeupe, laini, mgeni akija asituone washamba. Pumba inabaki pale mashineni, anakuja mfugaji na kiroba chake, anainunua, kuku wanakula. Kuku wa Tabata anakula nyuzinyuzi kuliko mwenye nyumba. Nacheka ninapoandika, lakini hebu niambie kama nimekosea.

Na sisi Waislamu jambo hili lina ukumbusho kwetu. Katika Sahihi Bukhari, mlango wa vyakula, Sahl bin Sa'd, radhi za Allah ziwe juu yake, anaulizwa kama zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwa na chekecheke za unga. Anaeleza kuwa Mtume hakuiona chekecheke tangu alipopewa utume mpaka anafariki. Shayiri yao waliisaga, wakaipuliza, ganda lililoruka likaruka, lililobaki wakakanda. Sisemi kwamba hadithi hiyo ilikuja kufundisha habari za utumbo. Nasema tu kwamba nyumba ile bora kuliko zote ilikula dona ya shayiri.

Angalia pia futari yetu ya asili. Futari ya bibi yako ilikuwa nini? Mihogo. Magimbi. Viazi vitamu. Ndizi mbichi. Maharage au kunde za nazi. Tende kabla ya vyote. Kila kimoja kina nyuzinyuzi. Ukimpa Burkitt ile sinia angeipiga picha akaenda kuionyesha London. Sasa taratibu sinia inabadilika: sambusa, maandazi, mkate mweupe, chapati za ngano nyeupe, tambi za sukari, juisi ya pakiti, soda ya baridi. Siku ya kumi ya mfungo mtu anaenda duka la dawa kuomba cha kulainisha choo, kwa sauti ya chini asisikike. Halafu anasema saumu imemfungia tumbo. Saumu wanaisingizia tu.

Burkitt mwenyewe hakuwa na hiyo aibu. Alizunguka nchi nyingi kuhutubia madaktari, na katikati ya picha zake za ramani ungekutana na picha za vinyesi alivyovipiga alfajiri vijijini akiwa matembezini. Ukumbi ungecheka, na kicheko kikipoa walikuwa wamekwisha kuelewa. Alikuwa akiwaambia kuwa nchi ambayo watu wake wanapata choo kidogo italazimika kujenga hospitali kubwa. Aliwaambia pia kuwa kama sakafu imelowa kwa sababu bomba limeachwa wazi, kuajiri watu wengi wa kudeki hakusaidii kama hakuna wa kufunga bomba. Nyumbani kwake alikula kama alivyohubiri, pumba ya ngano ilikuwa mezani. Alikuwa Mkristo aliyeshika dini yake kwa dhati, mtu wa kuamka mapema kwa ibada, na wanaomwelezea wanamtaja kuwa hakujikweza. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu kikubwa cha kitabibu kuhusu jambo hili, na mwaka 1979 akaandika kijitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi kilichosomwa sana. Mpaka leo ukiona boksi la nafaka dukani limeandikwa gramu za nyuzinyuzi, mkono wake upo hapo.

Lakini insafu inatutaka tuseme na ya upande wa pili. Wapo waliompinga, na hawakuwa wajinga. Walisema Mwafrika wa kijijini enzi hizo wengi hawakufika umri wa kupata saratani ya utumbo. Walisema hospitali za porini zisizo na vifaa haziwezi kuona mawe ya nyongo hata yakiwepo. Walisema mwanakijiji hakula dona peke yake, alilima pia, alitembea maili, nyama aliila kwa nadra, kwa nini sifa zote apewe ganda la mahindi? Ni maswali ya haki. Baadhi ya madai yake, kama yale ya mishipa ya miguu, hayakupata ushahidi wa kutosha. Mwaka 2000 majaribio makubwa mawili ya Marekani yalitolewa, watu waliowahi kukutwa na vinyama vya utumbo waliongezewa nyuzinyuzi kwa miaka kadhaa, na vinyama vilirudi vile vile. Magazeti yakaandika kuwa Burkitt amekwisha.

Hakuwa amekwisha. Mwaka 2003 utafiti wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulionyesha kuwa waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti za miaka mingi kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, wakaona faida inaonekana vizuri kwa anayekula gramu 25 hadi 29 kwa siku, katika magonjwa ya moyo, kisukari na saratani hiyo.

Ila kwangu mimi utafiti mzuri kuliko yote ni ule wa 2015. Walichukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji wa Afrika Kusini 20, wakabadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Mmarekani akala uji na maharage na mboga za kijijini, mwanakijiji akala soseji, baga na viazi vya kukaanga. Kisha matumbo yao yakachunguzwa. Wiki mbili zilitosha. Kwa Mmarekani uvimbe wa ndani ya ukuta wa utumbo ulipungua na bakteria wakabadilika kwa namna nzuri, na kwa mwanakijiji dalili za hatari zikapanda. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule, sahani ndiyo iliyobadilika. Wiki mbili, ndugu yangu, ni chini ya siku zako za mfungo.

Hapa kwetu pia si habari ya mbali. Waliochunguza rekodi za Ocean Road na Muhimbili wanaeleza kuwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliongezeka sana kati ya 2005 na 2015. Sehemu moja ni kwamba sasa tunapimwa zaidi, na hilo ni jema. Sehemu nyingine kila mtu aangalie jiko lake. Na linalouma ni kwamba wengi wanafika wakiwa wamechelewa. Baba anaona damu chooni miezi sita, anasema ni bawasiri tu, anapewa dawa ya mitishamba mtaani, anaona aibu kumwambia hata mkewe. Wewe unayesoma hapa, kama unaona damu kwenye choo, au choo kimebadilika wiki kadhaa bila sababu, au unapungua uzito na hali unakula, usiisubiri Idd. Nenda hospitali. Ukiambiwa ni bawasiri, alhamdulillah, umejua. Na mama zangu, muulizeni mzee nyumbani, maana yeye hatasema.

Kuhusu kula, mambo machache kabla hujanitumia ujumbe. Ukibadilisha kutoka sembe kwenda dona usibadilishe yote kwa siku moja, tumbo litajaa gesi na utamlaumu Burkitt bure. Changanya kwanza, nusu kwa nusu, na hakikisha mahindi ni makavu, safi na hayana ukungu, kwa sababu sumukuvu hukaa sana kwenye ganda hilo hilo tunalolisifu. Nyuzinyuzi bila maji zinazidisha tatizo, kwa hiyo maji gawanya kuanzia futari mpaka daku, usiyabugie yote kwa mkupuo dakika ya mwisho adhana inakaribia. Daku ya maharage au kunde na kiazi kitamu inakaa na wewe mchana kuliko mkate na chai ya sukari. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo au aliyepasuliwa tumbo karibuni amsikilize daktari wake kwanza kabla yangu mimi.

Trowell alifariki 1989. Burkitt aliendelea kusafiri na kuhutubia hata uzeeni, na mwaka 1992 alikwenda Marekani kupokea moja ya tuzo kubwa za sayansi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, Uingereza, baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na miaka 82. Aliacha mke, Olive, na mabinti watatu. Ukihesabu kwa kalenda yetu, hizo zilikuwa siku za mwisho kabisa za Ramadhani ya mwaka 1413. Huku Dar watu walikuwa wanasubiri mwezi uandame.

Tukutane kesho baada ya Alfajiri, in shaa Allah.